Adela na Safu ya Wachimbaji

Jumatatu, 9 Machi
Kosa la wengi kuhusu ngolo, mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, ni kudhani kazi inaanza na jembe. Inaanza na nyasi. Wanaume tunafyeka kwa nyengo na kuzilaza mraba baada ya mraba, mteremko mzima. Zikinyauka, wanawake huja na majembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuzifukia kwa udongo. Maharage hupandwa kwenye kingo. Maji ya mvua hubaki shimoni, hayabebi shamba. Nilifundisha jiografia hadi nikastaafu. Bado napenda kueleza hili.

Nyasi zangu tayari. Wanawake waje Alhamisi.

Mwanangu wa mwisho amerudi kutoka Songea. Mwenye nyumba kamfukuza. Tulimbatiza Bosko. Anaishi kama mwanamke, anaitwa Adela, mwaka wa sita sasa. Kaniuliza: "Baba, Alhamisi nichimbe na mama zangu?" Nikasema tutaona.

Jumanne, 10 Machi
Kapika ugali na majani ya maboga. Anaimba chinichini, kama marehemu mama yake.

Alipokuwa na miaka saba nilimchapa kwa kumfuata mama yake shambani na jembe. Watoto wa wenzangu niliwaeleza kila jambo mara tatu. Wangu nilimpa fimbo. Hakuwa anacheza. Alikuwa ananiambia yeye ni nani.

Jumatano, 11 Machi
Dada yangu Osmunda, kiongozi wa wachimbaji, kapita. Hakukaa. "Kaka, huyo ashike nyengo au akae ndani. Akishika jembe, sisi tunageuza."

Maneno nilikuwa nayo. Nikamsindikiza tu hadi njiani. Adela alikuwa jikoni, anasikia. Asipopokelewa hapa kwao, apokelewe wapi?

Alhamisi, 12 Machi
Walikuja kumi na mmoja. Adela akatoka, kitenge kiunoni, jembe begani. "Shikamooni, mama zangu." Wawili tu waliitika. Mmoja akasema, "Mwalimu, umetuletea kibarua au bibi harusi?" Wakacheka. Osmunda akalaza jembe lake chini. Wote wakanitazama mimi.

Nikasema: "Bosko, ingia ndani."

Akaegemeza jembe ukutani. Akaingia.

Saa saba mchana shamba lilikuwa limekwisha. Ngolo nzuri, kingo zimenyooka.

Ijumaa, 13 Machi
Ameondoka na gari la asubuhi. Kaenda Liuli, kwa rafiki wa mama yake, mjane anayeanika dagaa. "Baki salama, Baba." Basi. Afadhali angenitukana.

Niandike wazi. Haikuwa dini. Haikuwa mila. Niliogopa kuchekwa. Mzee mzima.

Jumapili, 15 Machi
Baada ya misa Bibi Kolumba akanisimamisha mlangoni mwa kanisa. Ndiye mkongwe wa wachimbaji. Hakusoma hata darasa moja. Alhamisi hakuja, mgongo unamsumbua.

"Mwalimu, Adela yuko wapi?" Kwa sauti, watu wote wanasikia.

Nikasema ameondoka.

"Ameondoka au mmemwondoa? Mwaka juzi alipokuja kumzika mama yake, mimi mkono umevunjika, nani alinichimbia? Wewe? Jumamosi tunachimba kwangu. Atakaa safu yangu. Asiyetaka abaki kwake akalale."

Kuna aliyecheka, akajikuta anacheka peke yake. Osmunda akafunga kanga yake upya, akaenda zake. Wanawake wawili wakanifuata barabarani, wakasema polepole: mwambie aje, tutakuwa naye.

Bibi yule hakueleza lolote. Alimwita kwa jina lake tu, mbele ya watu. Mimi na elimu yangu sijawahi.

Jumatatu, 16 Machi
Ukungu tangu alfajiri. Nimepiga simu mara tatu. Inaita, hapokei. Ni haki yake.

Huenda Jumamosi hatakuja. Huenda hatarudi kabisa, na shamba hili litachimbwa na wengine nikiwa nimeshazikwa. Sisi wazee tumezoea kukaa tukingoja mtoto aje kwanza. Lakini huyu hakutoroka. Mimi ndiye niliyemtoa.

Najiambia: leo nenda Liuli ukamwombe radhi.