Kadi Iliyoacha Kuitika Hodi

Baba Zuhura, mume wangu,

Asalaam aleikum. Kaseti yako ilifika Ijumaa, kwa mkono wa yule jirani aliyerudi kutoka Maskati. Zuhura alikaa ameigandama redio kana kwamba utatoka mle ndani. Ulitusalimu mmoja mmoja, ukacheka, kisha ukasema kwa furaha kwamba wamekukabidhi chumba cha boila. Mwanao akapiga makofi. Mimi nilizima redio nikasema betri zimekwisha, na betri zilikuwa mpya. Naogopa, mume wangu. Hata kukurekodia kaseti ya majibu nimeogopa, maana ungesikia sauti inavyotetemeka.

Unakumbuka ulipokuwa bado nasi hapa Magongo, ulivyoijaza meza yetu ya kulia nyaya na moshi wa kulehemu? Kiwanda cha sabuni kilikuomba ukitengenezee kadi ya umeme ya kulinda boila, lile tangi la chuma la kuchemshia maji yawe mvuke. Mimi nilikuwa napakia sabuni kiwandani humo, nikataka kujua kile kidude cheusi chenye miguu kitatulindaje.

"Hiyo ni maikroprosesa," ulinambia. "Ina kazi yake ya siku zote, kusoma joto na kuwasha taa. Maji yakipungua, waya unaipigia hodi. Inamaliza amri iliyo mkononi, inaweka alama pale ilipofika, inakwenda kuwasha pampu, kisha inarudi palepale kwenye alama na kuendelea."

"Na hodi nyingine ikija kabla haijamaliza ile ya kwanza?"

"Haiitiki. Ikishaanza kuhudumia hodi, inajifungia. Kama mtu aliyefunga sala, mpaka atoe salamu ndipo akuitike."

"Na mtoto akitambaa kwenda motoni?"

Ulinitazama, ukacheka. "Hapo sala hukatwa, wallahi! Waya wa namna hiyo pia upo, ambao haiwezi kuukataa. Lakini huo sijauhitaji."

Nilikuona fundi wa mafundi. Uliijaribu kadi ile mara nyingi: unaiwasha, unashusha boya la maji, pampu inanguruma, unatabasamu, unaizima, unakwenda zako msikitini. Kila ulipoiwasha upya, hodi ya kwanza iliitikwa. Ya pili hukuipiga hata mara moja.

Siku walipoifunga kiwandani, asubuhi maji yalipungua na pampu ikawaka yenyewe. Watu wakakupa mkono. Mchana Mzee Mbwana, mwangalizi wa boila, akatoka mbio akipiga kelele kwamba kioo cha kupimia maji hakina kitu, na pampu iko kimya. Kadi haikuwa imezimika. Taa zake ziliwaka vizuri, nambari za joto zikipanda mbele ya macho yetu. Ilikuwa inafanya kazi yake, ila haisikii.

Sote tulikimbilia getini. Wewe, uliyekuwa nje uani, ulikimbilia ndani. Nilikushika mkono wa ovaroli. "Niwate!" ukanifokea, ukaniponyoka. Nilisimama pale nikisubiri mlipuko. Sikuweza kuomba dua, hata jina lako lilinipotea.

Ulifunga kwa mkono bomba la mafuta yanayowasha moto. Pampu hukuigusa, kwa sababu ulijua maji baridi juu ya chuma kilichoiva vile yangeilipua boila. Ulitoka nyusi zimeungua, ukakaa chini kwenye saruji.

Jioni ulilipata kosa. Mwisho wa ile kazi ya pampu ulisahau amri moja fupi, ya kuiambia maikroprosesa ijifungue isikie tena. Ilihudumia hodi ya asubuhi, ikarudi kwenye kazi yake, na tangu hapo ikawa kiziwi. Uliiongeza amri ile, na waya wa maji ukauhamishia kule kusikokatalika. Kiwanda kizima kikakusifu kwa ujasiri. Mimi nilikwenda chooni nikatapika, na sijapata kukwambia mpaka leo.

Siku hizi ndege ikishuka kuelekea Airport na mabati yakatikisika, naacha ninachofanya na kushika ukuta. Zuhura ananicheka. Hajui kwamba namwona baba yake akikimbia kuelekea pasipofaa. Kadi uliitengeneza ikatengenezeka, mume wangu, lakini miguu yako naijua. Kelele zikianza huko, itakupeleka kulekule, na huko hakuna wa kukushika mkono.

Sikuombi uache kazi. Tunakula kwa jasho lako na Zuhura anasoma kwalo. Nakuomba uniapie kwenye kaseti, kwa sauti yako, kwamba siku wenzako wakitoka mbio, utatoka nao. Waache wakuite mwoga. Huyo mwoga ndiye mume ninayemtaka arudi nyumbani.

Mkeo, kwa hofu na mapenzi,
Mama Zuhura