Tutakuja Wawili, Shangazi

Chumba namba 6,
Nyumba ya Wageni, Ufukweni.
Jumatano, tarehe 14 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti la kulia limepunguza vituko. Bibi je, bado anakataa miwani na kuwasingizia wachapaji magazeti kwamba siku hizi wanabana herufi? Mimi nimeungua jua pua na masikio, na nina furaha hadi nacheka peke yangu. Mume wangu naye hajambo. Mume wangu! Kila nikiliandika neno hilo natamani kuliandika tena.

Barua yako ilinifikia siku mbili baada ya harusi, nikaja nayo huku fungate. Nimeisoma mara nne. Unasema umenisamehe, na unanikaribisha Desemba, ila nije peke yangu, kwa sababu mume fundi viatu humtambui. Jibu utalipata, lakini kwanza nikusimulie tunavyovua samaki. Usirukie mwisho, nakujua.

Chumba chetu kinatazama bahari. Kitanda kinalia ukigeuka, dirisha halifungi, na mimi sitaki lifungwe. Mwenye nyumba ana fimbo mbili za kuvulia anazowaazima wageni. Hakuna kati yetu aliyewahi kuvua hata kwenye ndoo, basi tukasema tutajifunza pamoja. Unasimama maji yakikufika magotini, unarusha mshipi wenye chambo na kipande cha risasi cha kuuzamisha juu ya mawimbi, kisha unasubiri. Samaki wangu wa kwanza alikuwa kola ya shati la mume wangu.

Siku tatu hatukupata kitu. Tulirusha mbali kadiri ya nguvu zetu, tukidhani samaki wa maana hukaa mbali. Mshipi wenyewe ulikuwa umechakaa, ukakatika mara mbili kwenye fundo, mpaka mume wangu akatoa uzi wake wa kushonea viatu, ule unaopakwa nta, akaifunga ndoana kwa fundo lake la kazini.

Jirani yetu wa chumba namba 5 tumempachika jina la Kamanda, kwa ajili ya buti zake na ile fulana yenye mifuko kumi na miwili. Alipouona ule uzi alishika tumbo kwa kicheko.

"Fundi! Samaki wa huku wakikuona na uzi huo wataomba rangi ya viatu!"

"Wasubiri zamu yao, mzee," mume wangu akamjibu. "Nitaanza na buti lako la kulia. Linacheka kuliko wewe."

Kweli, soli ilikuwa imeachama mbele. Shangazi, nilicheka hadi fimbo ikanidondoka majini.

Siku ya nne mpishi wa nyumba ya wageni, mama wa maneno machache, alikuja akasimama mikono kiunoni.

"Nyie maharusi, huko mnamlisha nani?"

Akatuonyesha. Mawimbi huvunjika juu ya fungu la mchanga, na kati ya fungu hilo na miguu yetu pana mfereji wa maji yaliyokolea rangi. Humo ndimo samaki hupita, wakiokota vijidudu vinavyofukuliwa na mawimbi.

"Siku zote hizi mnawarushia juu ya vichwa," akasema. "Wako hapa. Hatua kumi tu."

Nikarusha hatua kumi. Sijamaliza hata kupangusa uso, fimbo ikainama kama mtu anayepiga magoti. Kamanda akaja mbio.

"Mpe mumeo! Mpe mumeo, utamkosa huyo!"

"Simpi mtu!" nikapiga kelele.

Na mume wangu, Shangazi, hakuigusa ile fimbo. Alisimama nyuma yangu akasema, "Rudi nyuma taratibu, mke wangu. Niko hapa." Miguu ilizama mchangani, lakini uzi wa fundi viatu haukukatika. Nilimvuta hadi nchi kavu samaki mpana, mweupe kama sahani, mzito kama mtoto wa miezi mitatu. Alitosha watu sita. Kamanda alikuja na sahani mkono mmoja na buti mkono mwingine. Alikula hadi akalamba vidole, na buti lake likashonwa papo hapo.

Sasa jibu lako. Ulinitafutia mhandisi wa ng'ambo niliyemjua kwa picha tu, na najua ulifanya kwa mapenzi. Lakini mtu wangu alikuwa kwenye kibanda kando ya duka la dawa ninakofanya kazi, nampita asubuhi na jioni. Nimemchagua mwenyewe, kwa akili zangu timamu. Peke yangu siji. Tutakuja wawili, na sanduku moja. Ukitufungia mlango tutakaa kizingitini hadi Bibi atuone, na unajua miwani hana.

Kwenye kifurushi kilichokuja na barua hii mna ndala za ngozi. Mwaka juzi ulipokuja kwetu ulimpa viatu vyako avitengeneze, ukamwambia mbele ya watu kwamba hajui kazi. Hakusahau mguu wako. Anasema huuegemei mguu wa kulia kwa ajili ya goti, kwa hiyo kisigino cha kushoto huisha upande wa nje. Upande huo amekuongezea ngozi. Alizishona kabla ya harusi, kwa uzi uleule, akitaraji kukuvisha siku ile. Hukuja. Ameniomba nizitume bila maneno, lakini kunyamaza sikujaliwa, nimekurithi wewe.

Msalimie sana Bibi. Msalimie binamu yangu Njiti, mwambie nimevua samaki mzito kuliko yeye. Mungu awajalie afya nyote, na hilo goti alipe nafuu, ya kutosha kuinuka kutufungulia mlango.

Wako akupendaye, na asiyejuta,

Mke wa fundi viatu.