Mashini Uliyoiacha Wazi

Mwelwa, mudogo wangu,

Mashini yako imepona. Naanza na habari hiyo sababu najua ndiyo ungeniuliza kwanza, mbele hata ya kuniuliza kama nimekula.

Nakuandikia kwa Kiswahili, sawa vile tulikuwa tunaandikiana ulipokuwa kule Kasenga kwa yule Mugiriki wa samaki. Hapa Nchelenge Kiswahili ni cha sokoni tu, na barua hii sitaki majirani waisome. Darasa nne za Masista zinanitosha. Kuna waliosoma sita na hawajui hata kuandika salamu.

Bon. Unakumbuka siku uliyoileta? Mitumbwi miwili imefungwa pamoja, mbuzi upande mmoja, na juu yake sanduku refu lenye miguu mine na kioo, wanawake wa kizungu wamechorwa wakiogelea. Watu walikimbia kando ya ziwa wakidhani umeleta jeneza. Ukawapigia kelele: "Hapana jeneza, ni mashini ya kucheza! Unapiga kijiwe cha chuma, kinaruka, kengele inalia, namba zinapanda!" Mimi yaya wako, dada yako mukubwa, nikakuuliza kama inapika bukari. Ukanijibu mbele ya wote: "Yaya, wewe baki na dagaa zako za chisense, mashini uwaachie wenye akili." Nilicheka siku mbili.

Haikulia hata mara moja. Uliifungua tumbo, ukatoa nyaya kama matumbo ya samaki, ukazipanga juu ya meza. Homa ikakukuta hapo hapo, turnevisi ya skrubu ingali mukononi, na hukuamka tena.

Sasa nisikilize, sababu hapa ndipo kosa langu lilipo.

Mama yetu alisemaka: mutu akifa na wavu nusu, kwanza mumalize ule wavu, ao muuchome, ndipo mumupe mutu mwingine jina lake. Wewe na mimi tulilelewa na maneno hayo. Lakini siku ya kukurithi jina, wazee walipoanza kusema tungoje, walipoanza kumutaja yule ndugu yetu wa Kilwa ya hapa ziwani, anayesinzia hata akisimama, mimi niliinuka. Unanijua. Nilisema: mutoto wangu Chisenga ndiye mupwa wako wa kwanza, ndiye anasoma Kiingereza bila kufuata mustari na kidole, ndiye alitengeneza radio ya mwalimu ikaimba. Nani mwingine abebe jina la Mwelwa? Wakamunywesha maji, wakamufunga ushanga mweupe mukononi. Nilipiga vigelegele kushinda wanawake kumi. Na mashini yako ilikuwa bado wazi, matumbo nje, chumbani kwako.

Kesho yake Chisenga alikwenda moja kwa moja nyuma ya mulango wako, akaingiza vidole katika tundu la ukuta, akatoa ufunguo wa mashini. Mwelwa, ufunguo ule tuliutafuta kilio chote.

Akaanza kazi. Akasafisha vile vibati vidogo na musasa, kimoja kimoja. Akalehemu nyaya. Ile mipira iliyooza, akakata mipya kutoka mupira wa ndani wa kinga yako, ile baiskeli uliyopanda kwenda Kashikishi. Nilijisifu sokoni mpaka muuza chumvi akaniuliza, "Na nani alimufundisha?" Nikamujibu, "Tumbo la mama yake." Tukacheka, tukapigana mikono. Nikarudi nyumbani, nikamukuta ameshika turnevisi kwa mukono wa kushoto.

Chisenga wangu ni wa kulia. Wa kushoto ni wewe.

Nikasema ni uchovu. Halafu akaanza kupiga muluzi kama wewe, kupitia pengo la meno, na yeye hana pengo. Halafu akasukuma sahani ya mpumbu, akasema, sawa wewe, ana miiba mingi, lakini ndiye samaki aliyemupenda tangu aache kunyonya. Watoto wanamwita babu. Mimi inanipasa kumwita ndume yangu, ndugu yangu wa kiume, desturi ndiyo hiyo, na niliiona ni heshima kubwa. Sikujua jina linaweza kumumeza mutu.

Jumamosi iliyopita, saa sita ya muchana, nilikuwa nje ninageuza chisense juani. Jenereta ya kuwasha mashini haikuwa na mafuta tangu asubuhi. Kengele ikalia ndani. Moja. Halafu tatu kwa haraka.

Nikaingia. Chumba kitupu. Taa zote za mashini zinawaka, wale wanawake wa kioo wamekuwa wekundu, na kijiwe kinateremka polepole, kama mutu aliyeshiba. Nikatafuta waya. Ulikuwa umelala sakafuni, haukufungwa popote. Na juu ya kioo, alama ya kiganja, ya jasho, inakauka. Ya kushoto.

Unajua nilifanya nini? Nilijivuna! Nilisema kwa sauti: ona, hata wafu wanakuja kucheza mashini ya mutoto wangu. Halafu nikakaa chini.

Chisenga akarudi kutoka ziwani, maji yanamutiririka. Nikamwita jina lake. Hakugeuka. Nikaita tena. Akanitazama kwa upole, ule upole wako wa kuomba tumbaku, akasema, "Yaya, chakula kimeiva?"

Yaya. Mbele ya watu, sawa. Lakini tulikuwa wawili tu, Mwelwa. Mutoto niliyemuzaa mimi.

Sikulaumu. Niliita jina lako mbele ya wakati, juu ya majivuno, na wewe ukaja kumaliza kazi yako. Sasa imekwisha. Jana amekaza kibati cha mwisho, tumbo limefungwa. Meza nimeifuta mimi mwenyewe, hakuna hata uzi wa waya. Na umecheza, umesikia kengele yako. Nenda kwa marehemu Mama yetu, umwambie wavu umekwisha.

Nakuahidi hivi. Nje, nitamwita Mwelwa, na atakayecheka atanijua. Kila kinywaji kipya cha munkoyo, kikombe cha kwanza nitakimwaga chini ya miguu ya mashini, na kijiwe cha kwanza hakuna atakayekigusa, ni chako. Lakini jikoni kwangu ni Chisenga. Hapo unirudishie mutoto wangu.

Barua hii nitaiweka ndani ya mashini, chini ya kengele, nifunge kwa ufunguo wako. Kisha nitapika mpumbu na miiba yake yote, nitasimama mulangoni, niite jina nililomupa siku ile alipozaliwa. Akiniitika "Mama", nitajua umefika.

Safiri vizuri, mudogo wangu. Barua hii usiijibu.

Yaya wako,
mama ya Chisenga