Mistari Iliyobaki Ndani ya Mashine

Kaka Wagimin,

Nisamehe kwa miezi minane ya ukimya. Danu anaota meno na analia kutwa, lakini si yeye aliyenizuia kuandika. Niliiamini ile karatasi ya mashine kuliko wewe.

Juzi kazini nilipewa nikague programu ya kompyuta ya lugha ya C aliyoiandika mwenzangu Bagyo, ile inayochapa vipimo vya hewa iliyomo majini kwenye mabwawa ya kambamiti uliyokuwa unayalinda. Kipimo huja kila dakika, lakini hakichapwi papo hapo. Programu hukusanya mistari arobaini, ndipo iichape yote kwa mkupuo.

Nikamwuliza, "Umeme ukikatika ikiwa imeshika thelathini na tisa?"

"Aa, Mama Danu, nenda kanyonyeshe! Hivyo printa haichoki."

"Bagyo, mistari hiyo inakwenda wapi?"

Akakuna kichwa. "Inapotea."

Basi ulisema kweli. Hewa ilishuka kabla umeme haujakatika, ukawaita wakubwa, hawakuja; umeme ulipokatika, vipimo vya kushuka huko vikapotelea ndani ya mashine kabla ya kuchapwa. Kambamiti wakafa, karatasi ikaonyesha vipimo vizuri hadi mwisho, ukafukuzwa kama mwongo.

Nimekataa kuipitisha programu iendelee kutumika, na Bagyo amenuna. Jumatatu nakwenda kwa wenye mabwawa, utake usitake. Nitumie karatasi yote ya siku ile bila kuikata, maana mistari yake ikigawanyika kwa arobaini bila kubaki hata mmoja, itaonekana kwamba ile ya mwisho, isiyofika arobaini, haikuchapwa kamwe. Nitumie pia saa uliyowaita wakubwa, jina la aliyepokea simu, na sahihi yako.

Mdogo wako,
Ningrum