Mkimbizi ni Mimi

Bawshar, Omani, 5 Agosti 2025

Mjukuu wangu Muatasim,

Asalaam aleikum. Goti vipi? Langu ndo hivyo, nikipanda ngazi linasema, lakini langu halijapigwa na mtu.

Sasa yale uloniandikia, kuwa timu ya mpira wa Kimarekani huko Amerika itakuchukua au itakuacha kwa vile wewe "mkimbizi", nimelia mwanangu. Dada yako Ghadeer anaandika haya huku anacheka. Ndo yeye alonambia ulikusudia mkimbiaji. Mkimbizi ni mimi na babu yako, tulotoka Unguja na birika moja, hata kifuniko hatukuwahi. Birika lenyewe lipo, bibi mmoja wa Sib kalitaka nikamnyima, yeye hata kahawa hajui kupika. Nlikuwa nasema nini?

Ee. Si uliniambia wewe ni kwotabeki, na kwotabeki ndiye anayepewa mpira kwanza, akawarushia wenzake? Kazi ya mkono hiyo. Sasa miguu wanaitakia nini?

Bibi yako

Ohio, 14 Agosti 2025

Shikamoo Bibi,

Mimi mzima, goti limevimba kidogo. Samahani kwa lile neno, Kiswahili changu nacho kinakimbia.

Kocha mkuu anasema kwotabeki anayekimbia ana thamani zaidi, kwa sababu mpinzani mmoja lazima aache kazi yake anichunge mimi, na wenzangu wanapata nafasi. Msaidizi wake anasema kila nikikimbia naangushwa, na kwotabeki aliyevunjika hamfai mtu. Daktari yuko upande wa msaidizi. Jumamosi ya tarehe 23 ndiyo mechi ya mwisho ya majaribio, kisha wanaamua. Nikisimama tu wataniona wa kawaida. Nikikimbia, labda goti ndiyo basi. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Mjukuu wako, Muatasim

Bawshar, 23 Agosti 2025

Marahaba mwanangu,

Sisi wazima, joto tu. Jibu limechelewa, swali lako nimekaa nalo kama mgeni asoaga. Ghadeer anasema simu umeshaiweka, utanisoma mechi imekwisha. Nasema hivyo hivyo.

Unamkumbuka paka wa jirani yetu Bashayer? Kazeeka, haruki tena. Lakini akikaa mlangoni mwa jiko langu, hapana anayethubutu kuacha samaki mezani. Siku nzima mtu anamchunga. Na kaiba mara moja tu, kipande cha nguru, mwaka juzi. Nikawaza, pengine si lazima ukimbie, lazima wajue kuwa unaweza. Au nnakosea? Na sisi tulikimbia mara moja tu, tukafika.

Lakini kuna kitu hujanieleza. Ukikimbia, unamkimbia mtu au unakimbilia kitu? Maana hayo si mamoja, na goti nalo nadhani linajua...

Ngoja. Bashayer ananiita sebuleni, ati umetokea kwenye tivii. Umesimama na mpira mkononi, na jitu moja halikutoi machoni.

Wacha nende, kabla hujakimbia.