Neno Lililonikosesha Kazi

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hali ya hapo Endasak ikoje, na goti lako limepata nafuu? Paskali aliniambia maharage yamestawi ila mahindi yamedumaa. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechafuka.

Najua Veronika amempigia mama yake simu, na sasa majirani wanasema nimefukuzwa kazi huku Uingereza kwa umbea. Nimeona niandike ili Paskali akusomee taratibu, maana kwenye simu nikianza kueleza nalia, na mtandao nao unakata.

Yule bibi niliyekuwa namtunza aliteleza jikoni. Nilimshika makwapani nikamwinua, akaguna kwa maumivu. Nilipomkalisha, akanishika mkono akasema, “Don't repeat this.” Baba, shuleni tulifundishwa kwamba repeat ni kurudia. Hata mtu akirudia darasa tulisema ameripiti. Kwa hiyo nikajua ananikanya nisimwinue tena vile. Nikamjibu kwa Kiingereza changu, “Samahani bibi, sitarudia.” Akatabasamu. Kumbe repeat pia ni kumsimulia mwingine, na alikuwa ananiomba nisimwambie mtu. Sisi tungesema tu usimwambie mtu, yakaisha.

Jumamosi mwanawe alikuja, akaona mkono wa bibi umevilia damu, akaniuliza. Nikamweleza yote mbele ya mama yake, bila wasiwasi wowote.

“Uliniahidi,” bibi akaniambia.

Sikujua nimeahidi nini. Mwezi haukuisha, mwanawe akamhamishia kwenye nyumba ya wazee, mahali alipokuwa anapaogopa kuliko kaburi. Kazi yangu ikaishia hapo. Veronika ndiye aliyenieleza maana ya pili ya lile neno, huku anacheka. Halafu akapiga simu huko nyumbani kwamba mimi nina mdomo. Yeye aliyenitafutia kazi, anayejua ukweli wote. Hilo limeniuma sana.

Na liko jingine linalonikera. Hata kama ningemwelewa, sijui kama ningenyamaza. Je, kama angeanguka tena akiwa peke yake?

Juzi nilikwenda kumwona. Nikamweleza nilivyolielewa lile neno. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Nakuamini,” akasema. “Lakini anayelala hapa ni mimi.”

Nikachukua kitana nikamchana nywele, kwa sababu zilikuwa zimesokotana na hakuna aliyezigusa. Nilipoinuka kuondoka akauliza kama Jumapili nitakuwa na nafasi. Nikasema ninayo. Nafasi ndiyo pekee niliyo nayo kwa sasa, maana kazi nyingine bado sijapata.

Mpe mama shikamoo yangu, na bibi yetu wa hapo nyumbani pia, umwambie kwa sauti maana hasikii vizuri. Msalimie Paskali na mkewe, na shangazi wa Mbulu akija. Ukikutana na mama yake Veronika usigombane naye, Baba. Msalimie kama kawaida, halafu mweleze ilivyokuwa.

Nabaki mimi binti yako,
Theresia