Kofia Yangu Ikae Penye Sinia

Mocímboa da Praia,
bandarini, ndani ya boti

Dada yangu Fatima, mama wa nyumba yetu ya Tungue,

Assalam aleikum wewe na wote mnaolala chini ya bati lako. Goti linasemaje? Kama bado linalia ukipanda kizingiti, kandika majani ya mnyonyo, usingoje mpaka nije nikugombeze. Mvua mmepata? Na yule jogoo asiyejua saa, mmeshamla, au bado anawaadhinia watu hawajalala? Mimi mzima, chuma cha pua, hata mafua sina. Humu chomboni naitwa Senyor Amade. Umesikia? Senyor. Momade, mtoto wa mama mdogo, akicheka hapo pembeni, msomee tena mstari huo.

Najua husomi wewe, anakusomea Zainabo. Basi Zainabo mwanangu, mengi humu ni yako, lakini soma kama anayesemwa ni mtoto wa jirani. Usiruke neno, wala usijitie kukohoa.

Kwanza simu. Tulipotoka tu Mikindani nilikuwa nimeinama omo, kule mbele kabisa ya chombo, natazama miamba, simu ikachomoka mfukoni. Kabla haijazama akatokea kolekole, mwili wake mlango wa msikiti, akaimeza kama mtu anayemeza tende. Akaenda na sisi ubavuni mwendo mrefu, na wallahi nikaisikia inaita tumboni mwake. Nadhani ulikuwa wewe. Kama ulipiga ikaita tu bila kupokelewa, usikasirike, dada. Samaki hana vidole. Ndiyo maana naandika kwa kalamu, na mwandiko wangu unaujua, niliacha shule kabla herufi hazijanyooka.

Watakuambia Amade kaajiriwa. Waambie sikuajiriwa, nimealikwa. Unawakumbuka wale wazungu ambao boti yao nilikuwa nikiilinda na kuiziba nyufa kule Mikindani, tangu vita vilipotutawanya, wewe ukarudi nyumbani na mimi nikabaki? Ndio hao. Mzee Piti ndiye nahodha, ndevu zake katani tupu, na mikono siku hizi inamtetema. Ana ni mkewe, huyo anakijua Kireno, ndiye mdomo wetu sisi sote. Wa tatu ni Toma, rafiki yao wa ujana, mrefu, akilala miguu inatoka nje ya chumba. Safari hii wameiota tangu wakiwa vijana: kushuka na pwani yote mpaka Maputo, kisha mbele huko Afrika Kusini, miezi juu ya miezi, kwa tanga. Wakaniambia, "Amade, wewe ni rafiki yetu, njoo utuonyeshe njia." Wakaniuliza kama nimepata kufika Maputo. Nikawajibu mara saba. Wewe unajua nimefika Ibo. Lakini bahari ni moja, dada, aliyemjua nyoka kichwa atamjua na mkia.

Chombo chenyewe cheupe kama yai, kina jiko, kina choo cha kukalia, kina friji. Maji ya kunywa wanayatengeneza kwa maji ya chumvi, nimeyanywa, hayana ladha ya kitu chochote. Siku ile ya kwanza upepo wa kaskazi ulitushika vizuri, nikasema leo niwaonyeshe ustaarabu. Nikapika wali wa nazi na changu wa kukaanga. Nikaupakua kwenye sinia langu la bati, unalijua, lile la marehemu mama, nimelibeba kila nilikokwenda. Nikatandika mkeka penye kivuli cha tanga, nikanawa mikono, nikakaa. Nikangoja.

Akaja Ana. "Obrigada, asante, Senyor Amade, harufu nzuri!" Akachota kwenye sahani yake, akaenda kusoma kitabu. Akaja Piti, akachota, akala amesimama na usukani. Toma hakuja, alikuwa ameiinamia bahari anatapika hata maziwa ya mama yake. Mimi nikajua wanakwenda kuweka vitu watarudi tukae. Mtu wa kwetu hatangulizi mkono mgeni hajakaa. Nikangoja mpaka wali ukaganda mafuta. Ana alipopita tena akashtuka, "Mbona huli? Unaumwa?"

Nikamwambia nimefunga. Sasa nilishasema hivyo, ikabidi nifunge kweli mpaka magharibi.

Siku ya pili hivyohivyo. Nikala upande wangu, na zile pande zao zimechimbwachimbwa kijiko kama mashimo ya kaa. Sijapata kuona sinia pana namna ile. Si watu wabaya, usije ukafikiri. Wananipa kiti kizuri, wananiuliza hali. Jioni wanakaa watatu wanakumbushana mambo ya ujana wao kwa lugha yao, wanacheka mpaka wanashika mbavu, kisha wananitazama na mimi nicheke. Nacheka, dada. Nacheka kuwashinda. Sijui nacheka nini.

Sasa nikueleze tulivyopita kwetu. Tulipoizunguka Rasi, ile ya mlangoni mwa kwetu, asubuhi, nikajua kabla ya ile mashine yao ya ramani kujua. Nikamwambia Ana, "Ghuba hiyo hapo ni Tungue, mwambie mzee ageuze tanga tuingie, dada yangu atatupikia." Ana akamwambia. Piti akatikisa kichwa taratibu, akasema dokumentu zetu zinaanzia Mocímboa, kabla ya hapo haturuhusiwi kutia mguu popote, na huko mbele ya Afungi, penye mitambo ya gesi, mashua za ulinzi zinafukuza hata ngalawa. Ni kweli. Sikubishana. Tukapita mbali, pwani ikawa kama uzi.

Toma alikuwa na darubini. Akanipa. Nikaikataa, nikamwambia mtu wa Tungue hatazami kwao kwa kioo. Nikasimama omo, na macho yangu haya haya nikaona bati la nyumba yako linang'aa, nikauona mwembe, nikakuona na wewe uwanjani, unaanika dagaa, umejifunga kanga ya njano. Ukanyanyua mkono ukakinga jua. Nikavua kofia nikaipunga. Toma akadhani nawasalimu wavuvi, akapunga na yeye, maskini, na hali ile ya kutapika. Nikapunga mpaka uzi ukakatika.

Kama siku ile hukuwa na kanga ya njano, dada, usiniambie.

Hapa Mocímboa tumetia nanga tunangoja mihuri. Bwana Ali, yule mpakiaji wa mizigo bandarini, amekuja na mtumbwi wake mpaka ubavuni kwetu, akaniita kwa sauti ya kuuza samaki, "Amade! We Amade! Dada yako anakutafuta pwani nzima!" Akanipa ujumbe wako. Kwamba watu wa Sumaili, anayemposa Zainabo, wanakuja Ijumaa kupokea jibu. Kwamba simu yangu haipatikani. Kwamba umesema, kama sitakuja niseme nani anakaa mahali pangu, kwa sababu Momade keshafua kanzu.

Nimeusikia ujumbe, na nimeuelewa hata pale usiposema. Kwetu mchumba hajibiwi mpaka mjomba mtu amekula naye sinia moja, akamtazama mkono wake unavyokwenda. Mimi ndiye mjomba wa pekee, wa tumbo moja na wewe, aliyebakia kwa Zainabo. Na kutoka hapa mpaka kwako ni gari moja tu la shapa, nashuka asubuhi, jioni nakuudhi. Bwana Ali akasema, "Panda twende, mkoba uko wapi?" Mkoba ulikuwa tayari, dada. Niliufunga tangu pale pwani ilipokuwa uzi.

Lakini siku hiyohiyo Toma alikuwa ameshuka kabla yangu. Bahari imemkataa, amekonda, amewaambia wenzake hawezi, atarudi kwao kwa ndege. Wamekumbatiana pale gatini kama watu wanaozikana. Waliporudi chomboni wawili tu, mimi nimesimama na mkoba. Ana akautazama ule mkoba. Nikamweleza habari ya Ijumaa. Akamtafsiria mumewe, Piti akajibu, Ana akanipa kwa Kireno:

"Anasema nenda, Senyor Amade. Mtoto ni mtoto. Sisi tutageuza chombo turudi Mikindani polepole."

"Mtarudi na nani? Upepo huu utawapiga usoni," nikamwuliza.

"Na Mungu," akasema, na huyo Ana siku zote husema haamini.

Nikaitazama mikono ya yule mzee. Dada, mikono ile haipandishi nanga. Ana ana nguvu za kusoma kitabu. Miamba ya kurudi Mikindani hawaijui, ya kwenda mbele ndiyo kabisa. Na pale ufukweni Mikindani nilimpa Piti mkono, nikamwambia sikuachi mpaka uchoke wewe. Mtu anaweza kuongeza maji katika hadithi, mimi naongeza, unanijua. Mkono nikishautoa siuongezi wala siupunguzi. Nikamwambia Bwana Ali angoje kidogo, nina barua ya kuandika.

Mchana nikapika, basi tu, kwa mazoea. Nikapakua sinia, nikatandika mkeka. Mara nasikia magoti yanalia kama mlango wa zamani. Piti anakaa chini. Alikaa kwa shida, mguu mmoja ukagoma kukunjika ukabaki umeelekea Bara Hindi. Akatia mkono kwenye wali. Mkono wa kushoto, dada. Nusu ya wali ikaishia kwenye ndevu. Nikamsogezea kichwa cha samaki upande wake, kama anavyosogezewa mtu. Tulikula, mimi na yeye, hatuna hata lugha moja ya kusemea kwamba chumvi imezidi.

Kwa hiyo siji, dada. Neno hilo nimelizungusha kurasa zote hizi, sasa limetoka.

Jibu langu hili hapa. Habari za kijana Sumaili nimeziuliza kwa Bwana Ali. Watu wake wa bara, wa Mueda, hilo halina neno, na sisi bahari haikutuzaa. Anapika kwenye kambi ya Afungi, nimesikia huko chakula kinawekwa kwenye sahani yenye vyumba, wali chumba chake, maharage chumba chake, na kila mtu anakula ametazama ukuta. Basi nataka aulizwe swali moja kabla hajatia mkono, na aulizwe kwa jina langu: akitoka kazini, anakula na nani? Akisema anakula peke yake na hajali, mwambieni kwamba Zainabo bado mdogo. Akisema anangojea wenzake hata chakula kipoe, mpeni. Siulizi kingine. Zamani ningemwuliza kama anajua kuvua na kama amewahi kuua chui, kama mimi nilivyomwua yule wa Quionga kwa kasia. Sasa hivi hilo moja linanitosha.

Na mahali pangu hakai mtu. Unakumbuka ulipoposwa wewe, mjomba wetu Bakari alikuwa Lindi kwenye mkonge? Alituma kofia. Ikakaa mkekani kama mtu, wageni wakaisalimu, hakuna aliyecheka, na wali wa upande wake haukuguswa, ukaletewa wewe chumbani. Ulilia, lakini ulikula. Nilikuwepo, nilichungulia nikitumaini utabakiza.

Kofia yangu imo ndani ya mfuko huu ninaompa Bwana Ali, ile ya vitobo aliyonishonea mama Zainabo, yaani wewe, nani mwingine. Nimeifua kwa maji yasiyo na ladha. Iweke penye sinia, upande wa kibla. Momade akae karibu nayo na kanzu yake, awe anaifukuzia nzi, hiyo si kazi ndogo. Wageni wakiisalimu, waitikie wewe.

Mimi sasa niko kichwa wazi. Ana ameniona, amenipa pama lake la majani, lina utepe wa buluu. Nikilivaa nafanana na gavana, ila upepo ukija lazima nilishike kwa mkono, kwa hiyo napunga wakati wote kama mtu anayeaga. Kesho tunang'oa nanga kwenda kusini, na huko hakuna pwani itakayoniita kwa jina.

Nisalimie mwalimu wa madrasa, mwambie nasali, kibla naipata kwa jua na Piti ananisahihisha kwa mashine. Msalimie shangazi Muanaiti muuza vitumbua, nimesema humu ndani hakuna kitu kinachoitwa kitumbua. Jirani yako mwenye mbuzi mwambie mbuzi wake asikaribie siku ya Ijumaa. Momade msalimie kabisa kabisa, kwa moyo, ingawa usimsomee sehemu hii.

Na wewe Zainabo uliyesoma mpaka hapa bila kukohoa: wageni wakishanawa, utaletewa chumbani wali wa upande wa kofia. Ule wote, mwanangu, mpaka bati lionekane. Usinibakizie.

Ni mimi kaka yako, na mjomba wake,
Amade, Senyor wa baharini